Daktari Frederick Banting na Sukari ya Damu

Wanafunzi wenzangu, na ninyi mliosoma hapa zamani mkatutangulia, katika likizo iliyopita niliulizwa swali ambalo sikuweza kulijibu. Aliyeniuliza ni mjomba wangu, mwalimu mstaafu, ambaye ana maradhi ya kisukari tangu miaka mingi, na ambaye sasa figo zake zimeshindwa kazi. Mara tatu kila juma hupanda basi alfajiri kwenda hospitali ya mjini, akalala kando ya mashine kwa muda wa saa nne, damu yake ikitolewa, ikasafishwa na kurudishwa mwilini. Kazi hiyo madaktari huiita dayalisisi. Siku moja aliporudi, naye amechoka sana, aliishika ile chupa ndogo ya insulini ambayo hujichoma kila siku, akaniuliza ni mtu gani aliyeivumbua. Mimi ninayejiita mwanafunzi wa sayansi nilinyamaza kwa aibu. Basi niliporudi shuleni nilitafuta habari za mtu huyo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Frederick Grant Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba 1891 katika shamba karibu na mji mdogo wa Alliston, jimbo la Ontario, nchi ya Kanada. Alikuwa kitinda mimba wa watoto watano. Darasani hakuwa mtoto wa kushangaza watu. Mwaka 1910 aliingia Chuo Kikuu cha Toronto, na mtihani wa mwaka wa kwanza ukamshinda. Wengine wangerudi shambani, lakini yeye aliomba kubadili masomo, na mwaka 1912 akaanza kujifunza udaktari. Hata wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ikazuka, masomo yakaharakishwa kwa sababu jeshi lilihitaji madaktari, naye akamaliza mwezi Desemba 1916 akapelekwa vitani Ulaya.

Mwezi Septemba 1918, katika mapigano ya karibu na mji wa Cambrai nchini Ufaransa, kipande cha kombora kilimjeruhi mkono. Ijapokuwa damu ilimtoka, aliendelea kuwafunga wenzake majeraha kwa saa nyingi kabla ya kukubali kutibiwa. Kwa ushujaa huo alipewa nishani ya Msalaba wa Kijeshi.

Vita ilipokwisha alirudi Kanada akajifunza upasuaji, na mwezi Julai 1920 akafungua chumba cha matibabu katika mji wa London, ule ulioko Ontario, wala si ule wa Uingereza. Alikaa akingoja wagonjwa, wagonjwa wasije. Mwezi wa kwanza mapato yake yote yalikuwa dola 4. Kwa kuwa fedha zilimwishia, alikubali kufundisha saa chache katika chuo cha mji ule. Kazi hiyo ndogo, aliyoifanya kwa ajili ya riziki, ndiyo iliyomfungulia mlango.

Hapa sina budi nieleze kisukari kilikuwa nini siku zile. Nyuma ya tumbo la chakula pana kiungo kiitwacho kongosho. Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, wataalamu wawili, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, walimtoa mbwa kongosho, na yule mbwa akapata kisukari. Hivyo watu wakajua kwamba ndani ya kongosho mna kitu kinachouwezesha mwili kuitumia sukari ya chakula. Kitu hicho kikikosekana, sukari hujaa katika damu, ikamwagika katika mkojo, na mgonjwa huona kiu isiyokatika, akakonda kama mtu mwenye njaa hali anakula. Wengi walijaribu kukitoa kitu hicho katika kongosho za wanyama, wasifaulu kupata dawa ya kutegemewa.

Kwa hiyo mtoto aliyepatwa na kisukari kikali alihesabiwa kuwa amekwisha kufa. Daktari mmoja wa Marekani, Frederick Allen, aligundua kwamba mgonjwa akinyimwa chakula sukari hushuka, naye huongezewa miezi au hata mwaka mmoja au miwili. Basi watoto walilishwa kidogo kidogo mpaka wakawa mifupa mitupu. Mzazi alikuwa na hiari ya mambo mawili: mtoto afe kwa sukari au afe polepole kwa njaa.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Oktoba 1920, Banting alikuwa akijitayarisha kuwafundisha wanafunzi wake habari za sukari mwilini. Alisoma makala ya daktari Moses Barron juu ya mgonjwa ambaye mfereji wa kongosho lake ulizibwa na jiwe. Sehemu inayotoa maji ya kusaga chakula ilikuwa imenyauka, lakini vile visiwa vidogo vilivyomo ndani ya kongosho vilibaki vizima. Usingizi haukumjia. Yapata saa nane za usiku aliinuka akaandika wazo lake kwa maneno machache: kuufunga mfereji wa kongosho la mbwa, kungoja linyauke, kisha kutafuta dawa katika visiwa vilivyobaki.

Alikwenda Toronto kumwona Profesa John Macleod, mtu wa Scotland, aliyekuwa bingwa wa mambo ya sukari mwilini. Macleod hakuvutwa sana, kwani aliona mbele yake kijana asiyejua vizuri hata yale yaliyokwisha kuandikwa. Lakini mwishowe alimpa chumba, mbwa kumi, na mwanafunzi mmoja wa kumsaidia, jina lake Charles Best. Kazi ilianza mwezi Mei 1921. Joto lilikuwa kali, chumba kilikuwa kidogo, na Banting hakuwa na mshahara. Mbwa wengi walikufa. Hata hivyo mwishoni mwa Julai walimchoma mbwa mmoja mwenye kisukari maji waliyoyatoa katika kongosho lililonyauka, na sukari yake ikashuka. Baadaye mbwa mwingine, waliyemwita Marjorie, aliishi siku 70 hivi bila kongosho.

Jambo moja nililojifunza hapa ni kwamba wazo la ule usiku halikuwa sahihi kabisa. Baadaye ilionekana kwamba hapakuwa na haja ya kuufunga mfereji wala kungoja majuma, kwa maana dawa iliweza kutolewa katika kongosho za ng'ombe waliochinjwa machinjioni. Wazo lilikuwa na kasoro, lakini lilimtoa mtu kitandani likamtia kazini, na kazi ndiyo iliyomsahihisha.

Mwezi Desemba 1921 aliongezwa mtaalamu wa kemia, James Collip, ili aisafishe dawa. Tarehe 11 Januari 1922, katika Hospitali Kuu ya Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa dawa iliyotengenezwa na Banting na Best. Kijana huyo alikuwa na uzito wa kilo 29 hivi. Dawa ilikuwa chafu bado. Sukari ilishuka kidogo tu, na mahali pa sindano pakavimba usaha. Wakaacha. Collip alifanya kazi usiku na mchana, na tarehe 23 Januari kijana yule akachomwa dawa safi. Kwa siku moja sukari yake ilishuka kutoka miligramu 520 katika mililita 100 za damu mpaka 120. Akapata nguvu, akainuka kitandani, akaishi miaka 13 zaidi. Dawa hiyo ikaitwa insulini, kwa neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa.

Sasa, wasomaji wangu, ningependa tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo penye fundisho ambalo mjomba wangu alilipata kwa uchungu. Wakati Collip akiijaribu dawa kwa sungura wazima, aliona kwamba sungura aliyepewa nyingi alianza kutetemeka, akaanguka kwa degedege, na kama hakusaidiwa akafa. Lakini akipewa sukari, aliinuka mara moja kana kwamba hakupatwa na kitu. Hivyo, tangu miezi ya kwanza kabisa, ilijulikana kwamba dawa hii ina makali pande zote mbili. Ikiwa haba, sukari humwua mgonjwa. Ikizidi, ukosefu wa sukari humwua vilevile. Sungura wale ndio waliotumiwa kupima nguvu za kila chupa. Baadaye Joe Gilchrist, daktari rafiki wa Banting waliyesoma pamoja, ambaye mwenyewe alikuwa na kisukari, alijitolea kujaribiwa dawa mpya kabla ya wagonjwa wengine. Alianguka mara nyingine kwa sukari kupungua, naye kwa mzaha akaitwa sungura wa kibinadamu.

Habari zilienea upesi. Mwezi Agosti 1922 aliletwa Toronto binti wa waziri mmoja mkubwa wa Marekani, Elizabeth Hughes, karibu kutimiza miaka 15, akiwa na kilo 20 tu kwa ajili ya ile njaa ya matibabu. Banting alimtibu mwenyewe. Binti huyo aliolewa, akazaa watoto, akafariki mwaka 1981 akiwa amejichoma sindano zipatazo elfu 42. Tufikiri hesabu hiyo. Insulini ilimpa maisha, lakini ilimpa na kazi ya kila siku isiyo na likizo.

Kuhusu mali, Banting na wenzake Best na Collip waliiuzia haki ya uvumbuzi wao Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mtu, ili asitokee mtu mmoja wa kuihodhi. Mwaka 1923 Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel. Banting alikuwa na miaka 31 tu tuzo ilipotangazwa, na mpaka leo hakuna aliyeipata ile ya udaktari akiwa kijana kuliko yeye. Lakini hakufurahi. Alikasirika kwa kuwa Best ameachwa, akamgawia nusu ya fedha zake. Naye Macleod akamgawia Collip nusu ya zake. Sitaficha kwamba watu hawa waligombana sana, na kwamba Banting alikuwa mwenye hasira na mwepesi wa kudhani anaibiwa sifa. Wavumbuzi nao ni watu kama sisi. Hata hivyo, ukiondoa mmoja wao, kazi isingekamilika wakati ule: Banting alileta moto, Best mikono, Collip kemia, na Macleod elimu na mahali pa kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 1925, alipohutubia mjini Stockholm, Banting alitamka wazi kwamba insulini haiponyi kisukari bali hukitibu tu. Nadhani ni jambo kubwa mtu kusimama mbele ya wakuu wanaomsifu na kuitaja mipaka ya kazi yake.

Miaka iliyofuata aliendelea na utafiti, akapenda pia kuchora picha, na mwaka 1927 alisafiri mpaka nchi za barafu za kaskazini pamoja na mchoraji A. Y. Jackson. Mwaka 1934 alipewa cheo cha Sir. Vita Kuu ya Pili ilipoanza alirudi jeshini akashughulikia utafiti wa afya ya marubani. Tarehe 20 Februari 1941, akisafiri kwenda Uingereza, ndege yake iliharibika ikaanguka karibu na Musgrave Harbour, katika kisiwa cha Newfoundland. Rubani alipona, lakini Banting alifariki siku iliyofuata, akiwa na miaka 49.

Sasa nirudi kwa mjomba wangu, kwani maisha ya Banting hayakwisha kufanya kazi alipokufa. Wagonjwa aliowaokoa waliishi miaka mingi, na kwa kuishi huko maradhi yakaonyesha uso mwingine. Mwaka 1936 madaktari Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walieleza jinsi figo za watu wenye kisukari zinavyoharibika. Sukari ikikaa juu mwaka baada ya mwaka huharibu mishipa midogo ya damu, na figo ni vichujio vilivyojaa mishipa hiyo. Daktari Elliott Joslin wa mjini Boston alishikilia maisha yake yote kwamba mgonjwa aisimamie sukari yake kila siku. Wengine walimpinga, mpaka mwaka 1993 utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada ulipothibitisha kwamba sukari ikisimamiwa vema, macho, mishipa ya fahamu na figo hukingwa kwa kiasi kikubwa.

Kwa wale ambao figo zimekwisha kushindwa, msaada ulitoka Uholanzi. Mwaka 1943, miaka miwili tu baada ya Banting kufariki, daktari Willem Kolff alitengeneza figo ya mashine katika mji wa Kampen, nchi yake ikiwa imetekwa na Wajerumani. Alitumia selofani, ile ngozi nyembamba ya kufungia soseji, damu ikapita ndani yake na uchafu ukatoka nje. Karibu wagonjwa wake wote wa kwanza walikufa, mpaka mwaka 1945 mama mmoja wa miaka 67 alipopona. Mwaka 1960 Belding Scribner wa mjini Seattle alipata njia ya kumwunganisha mgonjwa na mashine mara kwa mara kwa muda mrefu. Miaka ile ya mwanzo mashine zilikuwa chache, na wenye kisukari mara nyingi walikataliwa kwa kudhaniwa kuwa hawatafaidika. Leo, katika nchi nyingi, wao ndio wengi katika vyumba vya kusafishia damu.

Lakini hapo kipimo cha insulini kinakuwa kigumu kuliko mahali popote. Mjomba wangu alijichoma kiasi kilekile kwa miaka. Figo zilipoanza kudhoofika, aliona sukari yake inashuka, akafurahi akidhani kisukari kinamwacha. Alfajiri moja shangazi, mkewe, alimkuta analowa jasho, anatetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Kwa bahati alikuwa bado anaweza kumeza, akapewa sukari, akarudiwa na fahamu. Daktari aliwaeleza kwamba figo nzima huvunja sehemu kubwa ya insulini iliyomo mwilini, tena husaidia kutengeneza sukari mtu asipokula. Figo zikifa, insulini ya jana hukutana na insulini ya leo. Kumbe sukari iliyoshuka haikuwa dalili ya kupona, bali ya figo kufa. Alikuwa yule sungura wa Collip.

Tangu siku hiyo dawa yake ilipunguzwa, naye hupima sukari kwa tone la damu la kidoleni, hasa siku za mashine. Nilijifunza kwake mambo mengine. Sukari ikipanda sana huleta kiu. Mtu asiyekojoa akinywa maji mengi, maji humjaa mwilini na mapafuni kabla ya siku ya mashine kufika. Sukari ikishuka, asipewe maji ya machungwa kama tulivyozoea, kwa kuwa yana potasiamu nyingi, ambayo figo zilizokufa haziwezi kuitoa, nayo huweza kusimamisha moyo. Apewe sukari ya kawaida au glukosi kwa maji kidogo. Na aliyezimia asitiwe kitu kinywani, bali akimbizwe hospitali. Hata kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu huweza kumdanganya mgonjwa wa mashine, kwani chembe nyekundu za damu yake haziishi muda wa kawaida, na kipimo huonyesha sukari ndogo kuliko ilivyo. Kwa hiyo daktari wake hakitegemei kipimo kimoja, wala hatafuti kuishusha sukari mpaka chini kama ya mtu mzima. Njia yake ni ya katikati.

Katika nyumba aliyoishi Banting mjini London, Ontario, ambayo sasa ni makumbusho, upo moto uliowashwa mwaka 1989, nao utazimwa siku dawa ya kuponya kisukari itakapopatikana. Unawaka bado. Na siku aliyozaliwa, tarehe 14 Novemba, ndiyo siku ya kisukari duniani kote.

Nilimwandikia mjomba barua kumpa jibu la swali lake. Nilimweleza kwamba mvumbuzi wa dawa yake alishindwa mtihani wa mwaka wa kwanza, alikaa bila wagonjwa, alikuwa na wazo lenye kasoro, akagombana na wenzake, na pamoja na hayo yote aliokoa watu wasiohesabika. Nasi wanafunzi tusidhani kazi yote imekwisha kufanywa na watu wa zamani. Walituachia chupa, kujua kiasi cha kutia katika sindano ni kazi ya kila asubuhi, na dawa ya kuponya bado inamngoja mtu. Huenda yumo katika darasa letu, na huenda ni yule aliyeshindwa mtihani muhula uliopita.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita